Binti anataka gari: namna ya kumsaidia kijana wako anunue gari ya kwanza hapa Dar bila kupigwa

Binti yangu alikuwa na miezi miwili tu tangu apate leseni, siku hiyo ananitumia picha Whatsapp, Toyota Crown nyeupe, rimu zinang'aa kama sufuria mpya, chini kaandika "baba hii vipi, milioni 12 tu maelewano yapo". Milioni 12 tu! Nikakaa na simu mkononi kama dakika tano sijajibu, maana nikikataa kwa ukali ataniona mzee mbishi ataenda kuiangalia na marafiki zake, nikikubali ndo tumekwisha.

Sa naandika haya kwa mzazi au mjomba au shangazi au kaka mkubwa ambaye kuna kijana hapo nyumbani kamaliza form six au yupo chuo mwaka wa kwanza, hela kidogo ipo, na wimbo ni mmoja tu, gari. Mimi sio fundi. Nimemiliki gari nne, ya kwanza Carina niliinunua mwaka 2010 saa mbili usiku chini ya taa ya duka, asubuhi mke wangu ananiuliza mbona mlango wa nyuma una rangi yake peke yake. Hiyo ndo elimu niliyonayo, nililipia ada.

Safari hii nilifanya kitu kimoja tofauti na ndo nataka nikwambie wewe. Nilimwachia yeye kila kitu, apige simu yeye, aulize yeye, akague yeye, abishane bei yeye. Mimi nikajibakizia neno moja tu, "twende nyumbani". Nikilitamka tunaondoka, hakuna mjadala hapo hapo mbele ya muuzaji, tutabishana kwenye gari tukirudi. Tulikubaliana hivyo kabla hatujatoka hata mlangoni, na aisee hilo neno lilitumika mara mbili.

Kabla ya yote leseni kwanza. Umri wa kuendesha gari kisheria ni miaka 18, na kama hajapita darasani apite VETA Chang'ombe au NIT (chuo cha usafirishaji) au shule yoyote iliyosajiliwa. Kuna wazazi wananunua gari kwanza ikae nyumbani "atajifunzia hiyo hiyo", sa mtoto anaiona gari kila siku imepaki unategemea nini? Jumamosi moja hampo ataiwasha. Leseni ikishapatikana mpe miezi miwili mitatu ya kuendesha ya kwako mkiwa wote, sio Jumapili asubuhi barabara tupu peke yake, mpeleke foleni ya Mwenge saa kumi na mbili jioni, mpeleke Kariakoo mikokoteni na bodaboda zikiwa zimemzunguka, hapo ndo atajua mwenyewe anataka gari ya ukubwa gani. Wa kwangu baada ya Kariakoo ile Crown ilianza kupungua kidogo kidogo bila mimi kusema kitu.

Haya tuje kwenye hela, hapa ndo wengi tunakosea. Tulikuwa na milioni 10 jumla, nusu yangu, nusu akiba yake na zawadi za mahafali na mchango wa bibi yake. Kichwani kwake milioni 10 maana yake gari ya milioni 10. Nikampa karatasi nikamwambia andika kila kitu ambacho gari itataka ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Akaandika mafuta. Nikamwambia endelea. Tukaishia na hii: bima (ndogo ya third party, ile inayomlipa uliyemgonga tu, kwa gari binafsi ni laki na kumi na nane, kubwa inapigwa kwa asilimia ya thamani ya gari kwahiyo ni ndefu zaidi), kubadilisha umiliki TRA, ushuru wa stempu asilimia 1 ya bei ya kununulia, wakili wa mkataba, fundi wa kukagua, servisi ya kwanza, matairi mawili kama sio manne, betri labda, mtungi wa zimamoto na triango. Ikafika karibu milioni na nusu kabla hajaweka mafuta hata lita moja. Bas tukakubaliana gari mwisho milioni 8, na hakuna dalali atakayeambiwa tuna 10. Ukimwambia dalali una 10, gari zote za 8 zinageuka kuwa za 10 palepale.

Road license ya kila mwaka usiihesabu, ile ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta. Bado kuna watu wanauliza "road license imelipiwa mpaka lini" na madalali wengine wanajibu kabisa.

Mafuta nilimwambia apige hesabu mwenyewe. Sisi tunakaa Mbezi, kwenda chuoni Mlimani na kurudi chukulia kilomita 25. Gari ya cc 1300 au 1500 kwa foleni zetu ukipata kilomita 10 kwa lita shukuru, hiyo ni lita mbili na nusu kwa siku. Tuseme lita iwe 3,000 (bei kikomo EWURA wanatangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, mfundishe aifuatilie), inakuja 7,500 kwa siku, siku 20 za chuo ni laki na nusu. Crown ya cc 2500 mjini weka kilomita 7 kwa lita, inapanda laki mbili na zaidi, na hapo hajaenda Kunduchi na wenzake wala hajamsindikiza mtu airport. Akaangalia karatasi, akaangalia posho yake ya mwezi. Hatukuiongelea tena Crown.

Gari gani sasa. Mimi msimamo wangu ni rahisi, gari ya kwanza iwe ile ambayo fundi wa mtaani kwenu kaifungua mara mia na spea zake zipo Shaurimoyo Ilala mpya na used. Maana yake IST, Vitz, Raum, Spacio, Corolla za zamani, Passo kama bajeti imebana kweli. IST na Raum za toleo la pili na baadhi ya Vitz zinatumia injini ya 1NZ au ndugu yake 2NZ, hizi zinatumia cheni sio mkanda wa timing, kwahiyo hakuna ile habari ya kubadilisha mkanda kila baada ya kilomita kadhaa, ila oili usiichezee maana cheni inaishi kwa oili. Passo ya cc 1000 ina pistoni tatu, inatetemeka kidogo ikisimama, hiyo ndo ilivyozaliwa usimlaumu muuzaji. Vitz nzuri lakini iko chini, kama mnakaa huko Goba au Madale ndani ndani barabara ya vumbi mvua ya Aprili itakufundisha.

Ukikuta BMW au Golf inauzwa bei ya IST ujue kuna sababu. Sio gari mbaya, ila mwanafunzi hana ubavu wa kuagiza sensa moja kwa hela ya ada. Na zile Toyota za injini ya D4 (inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda), waulize mafundi watatu uone sura zao.

Halafu kuna hii biashara ya namba. Vijana wanapenda namba, "baba hii ni namba E hii ni namba D", kama vile namba ndo umri wa gari. Namba inakwambia tu gari ilisajiliwa lini hapa Tanzania. IST za toleo la kwanza zilitengenezwa 2002 mpaka 2007, kwahiyo unaweza kukuta IST namba E kali kabisa na ni ya mwaka 2004, ina miaka ishirini juu, ilikuwa Japani tu muda wote. Kweli namba mpya ina maana imeteseka miaka michache kwenye mashimo yetu, hilo lina thamani, ila usilipe milioni na nusu ya ziada kwa ajili ya herufi. Fungua kadi angalia mwaka wa kutengenezwa.

Pa kutafuta. Yadi zipo nyingi, Kinondoni, Sinza, Mwenge, barabara ya Nyerere, na Insta imejaa. Gari za yadi zimeoshwa mpaka injini, hiyo ni nzuri kwa macho na mbaya kwa ukaguzi kwasababu oili inayovuja huioni. Mimi napendelea gari inayouzwa na mwenye nayo, mtu wa ofisini, mtu wa kanisani au msikitini, jirani wa shemeji. Tangaza kwenye magrupu ya familia kwanza kabla hujaingia kwa madalali.

Dalali sio adui, ana kazi yake, lakini ujue lugha yake. "Injini haijaguswa" maana yake hajui kama imeguswa. "Ilikuwa ya mama mmoja anaendea sokoni tu", huyu mama nadhani ana gari elfu tatu hapa mjini. "Inahitaji vitu vidogo vidogo" ukiuliza vipi kwanini hajaviweka yeye utajibiwa "bosi amesafiri". "Weka mafuta uondoke" utaondoka kweli, kurudi ndo shida. Na kuna cha juu, mwenye gari kasema 7 wewe unaambiwa 8 na nusu, ndo maana dalali hataki kabisa uongee na mwenye gari peke yako. Kamisheni yake mpe, ila bei ongea na mwenye mali.

Na hii mwambie kijana mara tatu: HAKUNA kutuma hela kwa simu ili "ushikiwe gari" au "hela ya mafuta nikuletee uione". Mtu yeyote anayetaka hela kabla hujaigusa gari ni tapeli mpaka athibitike vingine. Wenzake wawili wa chuo walishapoteza laki laki kwa namna hiyo, gari yenyewe picha tu.

Simu akapiga yeye. Siku ya kwanza sauti ilikuwa ndogo kama anaomba ruhusa ya kwenda chooni, gari ya tano alikuwa anauliza kama afisa wa benki. Maswali tuliyoandika: gari ipo jina la nani, kadi orijino ipo hapo, umekaa nayo muda gani, unauza kwanini, ina ajali yoyote, ipo sehemu gani. Halafu la mwisho, naomba usiiwashe kabla hatujafika. Hili la mwisho muhimu sana. Gari ikishapashwa inaficha mengi, ile ya kugoma kuwaka asubuhi, moshi wa mwanzo, mlio wa cheni sekunde mbili za kwanza. Mkifika shika boneti, ikiwa ya moto muulize kwa upole, "kaka uliiwasha?"

Nendeni asubuhi, jua limetoka, pakavu. Usiku hapana (Carina yangu ilinisalimia), na mvua ikinyesha maji yanafanya rangi mbovu ionekane nzuri.

Anaanzia kwenye bodi. Simama kwenye kona ya mbele, inama, angalia ubavu wote kwa pembeni dhidi ya mwanga, panapokuwa na mawimbi pana puti (ile ya kuzibia bati lililobonyea). Gonga gonga kwa kidole, bati lina sauti ya bati, puti ina sauti ya ukuta. Binti yangu alikuja na sumaku ya friji, ile ya kubandika risiti, kwenye puti nene haishiki, muuzaji mmoja alicheka mpaka sumaku ikadondoka kwenye fenda ya kulia akaacha kucheka. Angalia nafasi kati ya milango ziwe sawa kushoto na kulia. Angalia nati za boneti na fenda kama rangi yake imechubuliwa na spana. Kugongwa kidogo sio dhambi, hapa mjini nani hajaguswa na bajaji, unachotafuta ni ile iliyogongwa ikakunjika ikanyooshwa.

Kutu. Hapa tupo baharini, gari iliyolala Kigamboni au Msasani miaka mingi inaliwa taratibu kwa chini huku juu inang'aa. Pigeni magoti, tochi ya simu, angalia sakafu, chini ya milango, sehemu shokapu zinapofungwa.

Halafu maji. Mafuriko ya Jangwani na mabonde mengine kila mtu anayajua, magari yanazama, yanaanikwa, yanaoshwa, yanauzwa. Fungua buti toa tairi la akiba angalia chini yake kama kuna matope yaliyokauka. Vuta mkanda wa siti mpaka mwisho kabisa, ile sehemu inayokaa ndani huwa hakuna anayeiosha, ina mstari wa tope. Nusa kapeti. Binti yangu alinusa gari moja ya Mikocheni akasema "baba inanuka kama taulo la bweni". Muuzaji akasema ni pafyumu imeisha. Twende nyumbani, ya kwanza hiyo.

Injini: toa kijiti cha oili, ikiwa nyeusi sio kesi, ikiwa ya rangi ya chai ya maziwa hapo maji yameingia kwenye oili, funga boneti agana vizuri. Fungua kifuniko cha oili angalia kwa chini yake hivyo hivyo. Maji ya redieta fungua injini ikiwa ya baridi TU, yakiwa na mafuta mafuta juu ni habari mbaya ile ile. Waambie wawashe wewe umesimama nyuma. Moshi wa bluu inakula oili. Mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto, gasketi. Mweusi ni mafuta mengi, huo unatibika.

Ufunguo ukiwashwa kabla ya injini taa zote za dashibodi lazima ziwake ikiwemo ya check engine na ya airbag, halafu injini ikiwaka zizime. Ikiwa ya check engine haiwaki kabisa toka mwanzo usifurahi, kuna mtu kaitoa globu au kaiziba. Hii wengi hawaijui.

AC. Dar hii Januari bila AC ni jiko. Ikipuliza upepo tu utaambiwa "gesi imeisha, elfu hamsini tu". Kama ni gesi kweli mwambie aijaze leo kisha tuje kesho tena. Mara nyingi ni kompresa.

Kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi mimi naziangalia kama naangalia hadithi. Zinarudishwa nyuma, tena kirahisi. Angalia stelingi kama imelika, raba ya pedali ya breki kama imeisha, siti ya dereva kama imebonyea, kisha linganisha na hizo kilomita elfu 68. Na angalia dashibodi kama ina alama ya kishikio cha simu na siti ya nyuma imechoka kuliko ya abiria wa mbele, hiyo ilikuwa inabeba abiria wa mtandaoni mchana na usiku. Kadi na kibao cha namba pia vinasaidia, kibao cheupe ni cha biashara cha njano ni binafsi, uliza kama iliwahi kubadilishwa.

Matairi yana namba nne za mwisho ubavuni kwenye kile kimduara, kwa mfano 2219 maana yake lilitengenezwa wiki ya 22 mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri kabisa na lina miaka tisa, hilo litakupasukia Chalinze.

Kuendesha: nilianza mimi dakika kumi, kisha yeye. Tulitafuta sehemu tatu, lami ya kukimbia kidogo, barabara ya vumbi yenye mashimo, na mlima. Redio zima. Weka gia kutoka P kwenda R kwenda D ukiwa umekanyaga breki, ikichelewa au ikipiga teke, gia boksi hiyo ina safari yake. Kata kona mpaka mwisho kushoto, kulia, ukisikia ka-ka-ka-ka ni CV joint (kiungo kinachozungusha gurudumu) imechoka. Kwenye mashimo ngo ngo ngo ni bushi na boli jointi, hivyo ni vya bei ya kawaida, viandikwe kwenye karatasi ya kubishania bei. Achia stelingi kidogo kwenye lami iliyonyooka uone inavuta upande gani. Muuzaji anayekataa gari iendeshwe, au anataka aendeshe yeye tu, hamna haja ya maelezo.

Ikipita hapo ndo unaita fundi, sio kabla, maana fundi ukimwita kwa kila gari atakumaliza. Fundi wako wewe unayemlipa wewe, asitokane na dalali na dalali asijue namba yake ya simu. Mlipe vizuri, na mwambie mapema kwamba utamlipa kiasi kile kile hata akisema usinunue. Kuna mafundi wanapewa kidogo na dalali ili gari ipite, na kuna ambao wanaipitisha kwa nia nzuri tu wakijua wewe ndo utarudi kwao kuitengeneza. Aje na mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na aiinue juu, kuiangalia ikiwa chini haitoshi.

Sa makaratasi, na hapa naomba usichoke maana injini mbovu inabadilishwa ila gari ya mtu mwingine haibadiliki kuwa yako. Kadi orijino mkononi, sio kopi sio picha. Namba ya chasisi na namba ya injini zisomwe kwenye gari yenyewe herufi kwa herufi, binti anasoma kwa sauti mimi nafuatisha kwenye kadi. Rangi kwenye kadi ifanane na rangi ya gari. Jina kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha NIDA cha huyu anayeuza. Ukisikia "kadi ipo kwa kaka Dodoma" au "ipo kwa wakili" fikiria kwanza mkopo, watu wengi hapa mjini wanaweka kadi ya gari kuchukua hela, gari inabaki kwake kadi inakaa kwa aliyemkopesha. Kama jina ni la marehemu hakuna kununua kwa mtoto wake hata awe analia, anauza msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama na karatasi yake uione.

Madeni ni rahisi siku hizi. Faini za trafiki unaangalia kwenye mfumo wa polisi mtandaoni kwa namba ya gari tu, tulikuta gari moja ina faini nane, za elfu thelathini thelathini, mwenye gari anashangaa kuliko sisi. Maegesho nayo yana deni lake, angalia. Bima unaihakiki kwenye mfumo wa TIRA, weka namba ya gari uone kama stika ni ya kweli na inaisha lini.

Gari ya pili tuliyoipenda ilikuwa IST, safi sana, fundi kaipitisha, bei imeshashuka mpaka 7 na laki nane, binti ameshaanza kuiita jina. Namba ya chasisi herufi moja haikufanana na kadi. Muuzaji akasema makosa ya uchapaji tu, watarekebisha wenyewe TRA, tulipe kwanza. Labda ni kweli, sijui. Nikasema twende nyumbani. Njia nzima kuanzia Tabata mpaka Mbezi hakuniongelesha, na mama yake akaniuliza mbona umemnunia mtoto, mimi tena.

Wiki tatu baadae tukapata Raum kwa mtumishi anayehamia Dodoma, ana gari mbili anabaki na moja. Binti mwanzo alikuwa hataki, "baba hiyo gari ya mama mwenye kikoba". Ila alivyoiendesha, akafungua ule mlango wa kushoto wa kuteleza ambao hauna nguzo katikati, akakaa kimya anawaza vitu vya kupakia. (Ukiangalia Raum za toleo la pili kagua raba za mlango huo, zikichoka maji yanaingia.) Muuzaji alitaka 8 na nusu, na akawa anaongea na mimi tu, "mzee tufanyaje, mzee nikupunguzie ngapi". Nikamwambia mnunuaji huyo hapo mimi nimemsindikiza. Binti akatoa karatasi, shikamoo kwanza, kisha akaanza, bushi mbili, matairi ya mbele ya 2015, AC inatoa mlio, taa ya kushoto ina ukungu, kila kimoja na bei yake aliyoiulizia Shaurimoyo. Hakusema "punguza baba" kama tulivyozoea. Alijumlisha tu akageuza karatasi akamwonyesha. Ikaisha milioni 7 na laki tano. Mimi peke yangu nisingeipata hiyo bei, ningeona aibu ya kuhesabu bushi mbele ya mtu mzima mwenzangu.

Malipo fanyieni benki, kutoka akaunti kwenda akaunti ya jina lililopo kwenye kadi, mkataba umeshasainiwa mbele ya wakili na mashahidi wa pande zote mbili, kopi za NIDA, picha, namba ya chasisi imo kwenye mkataba, na saa ya kukabidhiana gari imo pia ili kikitokea kitu saa tisa na saa kumi na moja hamna mabishano. Siku hiyo hiyo au kesho yake anzeni kubadilisha jina TRA, muuzaji akiwepo. Usikubali "utabadilisha tu taratibu", kila faini itaenda kwake na siku ukitaka kuuza utamtafuta Dodoma nzima. Kijana awe na TIN yake kabla, anaiomba mtandaoni kwa namba ya NIDA. Sisi tuliweka jina lake yeye. Mama yake alitaka langu, nikamwambia trafiki akimkamata nataka meseji iende kwake.

Wiki ya kwanza msimpe aende nayo chuo. Oili na filta mpya hata kama muuzaji kasema kabadilisha juzi, plagi ziangaliwe, breki, maji ya redieta, haidroliki ya gia boksi aicheki fundi anayezijua. Bima, mtungi, triango. Mwonyeshe mshale wa joto la injini ukipanda anasimama hapo hapo, hata kama ni katikati ya daraja la Kijazi, hasukumi mpaka nyumbani, injini nyingi za vijana zinakufa kwa "nilikuwa nakaribia kufika".

Na Jumamosi nikamwambia leo unabadilisha tairi mwenyewe hapa uani, mimi nakunywa chai naangalia. Akafungua buti, akatoa kapeti, tairi la akiba zuri lipo, spana ya nati ipo. Akainuka akaniangalia.

"Baba, jeki iko wapi?"

Gari zima tumelinusa mpaka mikanda, jeki hakuna aliyeikumbuka.